Manukuu Yaliyomtangulia Msemaji

Jina la Klara lilikuwa la mwisho katika orodha ya watu sitini na mmoja, na Sajenti Damari alikuwa ameanza kuchoka tangu jina la kumi na mbili.

Alishuka kwenye basi pale Kintinku saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, goti la kushoto likimlalamikia kwa kukunjwa tangu Mkiwa. Wale sitini wa mwanzo aliwapigia simu. Walipokea wengine wakiwa shambani, wengine msibani, mmoja akiwa juu ya mti anarina asali, na wote wakasema lilelile: darasa lilikuwa zuri, hatukuona kitu, Mungu akusaidie. Lakini pembeni ya jina la huyu wa mwisho mtu wa ofisi ya chuo alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: kiziwi. Sasa kiziwi utampigiaje simu? Unapanda basi. Gari la polisi lilikuwa gereji wiki ya tatu, na ukimuuliza fundi linatoka lini anakuangalia kana kwamba umemtukania mama. Mpelelezi mwenzake alikuwa likizo ya uzazi. Basi ndiyo hivyo, mambo yote yakabaki kwa Damari na goti lake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumatano, kati ya saa nane na saa kumi, debe la mbegu mama ya alizeti lilitoweka ghalani katika chuo kidogo cha wakulima pale Mkiwa. Si mbegu ya kukamua mafuta hiyo. Ni mbegu aliyoichagua Mzee Andrea wa Mgori kwa mikono yake miaka kumi na moja, na ndiyo iliyokuwa ikingoja mvua za mwaka huu ili izae nyingine. Muda huohuo chuo kilikuwa kinaendesha darasa la mtandaoni: watu ishirini ukumbini, sitini na mmoja kwenye simu zao huko waliko. Mlango wa ghala haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa ufunguo, ukafungwa kwa ufunguo.

Na funguo zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikuwa kiunoni mwa Theresia, mtunza ghala, mjane, aliyekuwa akitoka na kuingia ukumbini na birika la chai. Wa pili ulining'inia kwenye msumari ofisini, na ofisini alikuwepo Enock, fundi mitambo. Enock ndiye aliyekuwa anaandika manukuu, yaani yale maneno yanayopita chini ya skrini ili asiyesikia asome kinachosemwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi na safi. "Sikutoka ofisini tangu saa nane hadi saa kumi. Hakuna mtu aliyeingia. Ufunguo haukuguswa." Akatia sahihi. Na nani angembishia? Manukuu yalipita kwenye skrini saa mbili nzima bila kukatika. Huwezi kuchapa maneno ya mtu huku umebeba debe.

Ukabaki ufunguo wa kiunoni. Theresia akalala lokapu Jumatano, akalala Alhamisi, na leo mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa ameweka saa: saa kumi kamili jioni, kama hakuna jipya, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Jumatatu mama huyo anapanda kizimbani, halafu gerezani kungoja kesi, na kesi za huku zinajua kungojewa.

Jumatano ile, Theresia alipokuwa anapandishwa kwenye gari la kuazima, aligeuka akasema, "Shikamoo, afande." Damari alikuwa na kalamu mdomoni na simu sikioni. Hakuitikia. Jambo dogo, lakini lilikuwa limekataa kumtoka.

Nyumba ya Klara ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Damari alimkuta uani anapepeta karanga, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, simu imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alipomwona mgeni aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama." Sauti yake ilikuwa nzito, imenyooka bila kupanda wala kushuka.

Damari alikuwa ameinamia mkoba anatafuta kitambulisho. Klara akangoja. Akaendelea kungoja, macho kwenye mdomo wa Damari, mpaka mwenyewe akashtuka.

"Marahaba."

"Nimeiona," Klara akasema, akatabasamu. "Watu wanadhani kwa kuwa sisikii, basi sijui kama wameniitikia. Marahaba naiona mdomoni, mama. Na asiyeitikia namwona pia. Karibu kiti."

Uziwi ulimkuta darasa la tano, akaeleza, kwa homa ya uti wa mgongo. Wakati huo alikuwa ameshajua kusema na kusoma, na hivyo viwili hakuviachia. Akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu.

"Wewe andika. Mimi nitasema."

Damari akaandika: Jumatano ulikuwepo kwenye darasa?

"Mwanzo mpaka mwisho. Nimeandika barua nne, mama, miaka miwili nawaomba waweke maandishi. Wakaweka mwezi wa sita. Sasa nikose hata moja?"

Ulimwona mtu yeyote akitoka ukumbini?

"Mama Theresia. Anatoka na birika, anarudi na birika. Lakini si huyo aliyenikera."

"Nani kakukera?" Damari aliuliza kwa mdomo, akiwa amejisahau. Klara akausoma.

"Enock."

Akavua kamba shingoni, akafungua simu. "Kila maandishi yakivurugika napiga skrinishoti, namtumia arekebishe. Sina ugomvi naye, siku nyingine hata ananishukuru. Jumatano nilimtumia tatu. Tazama."

Picha ya kwanza ilipigwa saa tisa na dakika kumi na saba. Damari alizijua sura zote. Deo, bwana shamba aliyekuwa anafundisha, ameinama, mikono yake miwili imeushika mkono wa Mzee Andrea aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Ukumbi mzima umesimama. Mzee amevua kofia. Na chini yao, kwa herufi nyeupe: Nafasi kati ya mstari na mstari iwe sentimita sabini na tano.

"Haya niambie," Klara akasema, "nani anamwamkia mzee kama yule kwa sentimita?"

Damari akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Jumatano, na kilikatika katikati. Akavuta daftari.

Labda haandiki salamu. Anaziruka.

"Akiruka, maandishi yanasimama. Yanangoja. Mimi nimeyatazama miezi mitano kuliko ninavyomtazama mume wangu. Hapa hayakusimama hata kidogo. Weka ya pili."

Ya pili ilikuwa dakika tano baadaye. Deo amefumba mdomo, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayeulizwa habari za nyumbani na kuzijibu kwa adabu, na Mzee Andrea bado ameshika mkono wake. Huku kwetu mzee wa umri huo haamkiwi kwa neno moja ukageuka. Utaulizwa mke, utaulizwa watoto, utaulizwa ng'ombe, na aliye nyuma yako naye ataulizwa. Herufi nyeupe zilikuwa zimefika kwenye mbolea ya samadi. Kwenye ya tatu, saa tisa na dakika ishirini na nane, mzee mwenyewe alikuwa ameshika kipaza sauti, mdomo wazi, kidole juu. Chini yake: Ndege waharibifu wafukuzwe mara vichwa vinapoanza kukomaa.

"Na hili ndilo jibu aliloniletea." Klara akasogeza kidole. Saa kumi na moja na dakika mbili, Enock alikuwa ameandika: Pole dada Klara, ni mtandao tu.

"Mtandao!" Klara akasonya. "Mtandao unachelewesha maneno, mama. Miaka yote unanichelewesha. Haujawahi kuniletea neno kabla mwenyewe hajalisema."

Damari akarudi kwenye ile picha ya kwanza. Video ya darasa lile alikuwa ameitazama mara nne, tena kwa makini, macho kwenye mlango na kwenye viti, akihesabu nani kakaa na nani kainuka. Lakini video iliyohifadhiwa haikuwa na maandishi. Leonidas, mkuu wa chuo, alimweleza mapema: manukuu hayahifadhiwi, yakishapita yamepita. Kwa hiyo yote yaliyoandikwa Jumatano yalikuwa yamepotea, isipokuwa mistari hii mitatu kwenye simu ya mtu mmoja, Kintinku, nyuma ya mashine ya kusaga.

Alichukua maelezo kwa utaratibu. Akazipiga picha zile picha kwa simu yake, akaandika saa ya kila moja, akamwomba Klara asifute kitu, Klara akatia sahihi kila ukurasa. Saa nne na dakika ishirini. Basi la kurudi lilikuwa linapita saa tano kasorobo.

"Mama," Klara akasema, "na mimi nina swali langu moja. Yule mzee alisema nini?"

Damari akainua uso.

"Nimepanda mbegu zilizotokana na yake misimu miwili. Nimengoja nimsikie. Siku aliyoshika kipaza sauti, mimi nikapewa habari za ndege. Iliniuma sana, nisikufiche."

Damari akaangalia saa yake, akaangalia goti lake, akachukua kalamu. Maneno yenyewe aliyajua. Mtu akisikiliza kitu mara nne kinamganda. Akaandika:

Alisema ilianza na kichwa kimoja cha alizeti. Mwaka wa njaa shamba lote lilikauka, kikabaki kimoja kimesimama. Mke wake alitaka wakikaange wale, wakagombana, akalala nacho chini ya kitanda. Alisema wamemwita kichaa miaka kumi na moja. Alisema sasa macho yamekwisha, lakini usingizi anaupata, kwa sababu mbegu iko kwa Theresia, na Theresia anaitazama kama mtoto mchanga aliyelala.

Hapo kalamu ikasimama. Mara zote nne Damari aliyasikia maneno hayo kama kelele za nyuma, akihesabu viti.

Klara alisoma, akarudia, akachana ukurasa taratibu na kuukunja mara mbili. "Na huyo Theresia," akauliza, "ndiye mliyemfunga?"

Damari akamrudishia kalamu.

Kwenye basi alimpigia Deo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba," Damari akajibu upesi, mpaka jirani yake akageuka. "Deo, darasani huwa unasoma au unaongea?"

"Nasoma, afande. Neno kwa neno, wananicheka. Nikiacha karatasi napotea."

"Nani mwingine alikuwa na hiyo karatasi?"

"Enock. Huwa nampa siku moja kabla ili maneno magumu ayazoee. Ndiyo utaratibu."

"Ile sehemu ya ndege ulisoma saa ngapi?"

"Ndege?" Deo akafikiri. "Ndege ni ukurasa wa nne. Huo sikuusoma kabisa. Mzee Andrea kaingia, nitaendelea kusoma nimemkaushia? Tulimwamkia, mtu kwa mtu, akauliza habari za kila nyumba. Zikaisha dakika saba, nane. Nikaona aibu kumrudisha kwenye kiti, nikampa kipaza sauti. Akasema, akamaliza, akaondoka kwa sababu ya joto. Muda ukawa umekwenda, nikarukia mwisho."

"Ukurasa wa nne hakuna aliyeusikia?"

"Angeusikia wapi, afande? Nimekuja nao nyumbani."

Alipokata tu, simu ikaita. Mkuu wa upelelezi. "Damari, jalada."

"Ulinipa mpaka saa kumi, mkuu."

"Siongezi."

"Sijaomba uongeze."

Akatoa daftari lake. Alhamisi nzima aliipoteza kwa kijana wa bodaboda aliyeonekana nyuma ya uzio wa chuo saa tisa na nusu. Kijana alisema aliitwa kwa simu na mteja asiyemjua, aje achukue mzigo. Akangoja nusu saa, mteja hakutokea. Mlinzi wa chuo, Gasto, alikuwa amehamishia kiti chake hapohapo nyuma kwa ajili ya kivuli. Damari alikuwa ameandika pembeni: hakuna kitu. Sasa akayafuta maneno hayo kwa mstari mmoja. Mzigo ulikuwepo. Kilichomzuia mteja ni Gasto na kiti chake.

Ofisi ya chuo ilikuwa na meza mbili, viti viwili, msumari wa ufunguo, na boksi la spika bovu, kubwa, lililosimama ukutani. Tangu Jumatano Damari aliandikia maelezo ya watu akiwa amekaa juu ya boksi hilo, viti akiwaachia wanaohojiwa. Saa nane na robo mchana aliingia akakaa palepale. Leonidas alisimama mlangoni na miwani mkononi. Enock alikuwa kwenye kompyuta yake, shati limepigwa pasi, hedifoni shingoni.

"Shikamoo, afande. Njoo ukae kwenye kiti, hapo utaumia mgongo."

"Marahaba, Enock. Hapa panatosha." Akamsomea onyo, lote, polepole, kwamba halazimiki kusema kitu na atakachosema kitaandikwa. Enock akamtazama Leonidas. Leonidas akatazama sakafu.

"Jumatano Mzee Andrea aliingia saa ngapi?"

"Saa tisa na robo hivi."

"Uliandika salamu?"

"Salamu siandiki, afande. Si somo. Naziruka."

"Ukiruka, maandishi yanafanyaje?"

"Yanasimama. Yanangoja msemaji aendelee."

Damari akaweka simu mezani, picha ya kwanza. Enock akainama akaitazama kwa muda ambao hauhitajiki kusoma mstari mmoja.

"Huo ni mtandao..."

"Usinipe mtandao. Mtandao unachelewesha."

"Basi nilikuwa nafuata karatasi ya Deo," Enock akasema haraka. "Nilitangulia kidogo, afande. Kosa langu, nakubali. Mikono ilikuwa na kasi."

"Ulisikia Deo amenyamaza?"

"Nilisikia."

"Ukaendelea kuchapa?"

"Nilijua atarudi hapohapo."

"Dakika kumi na moja?" Akasogeza picha ya tatu. "Hapa mzee kashika kipaza sauti. Wewe umeandika ndege. Ukurasa wa ndege Deo hakuusoma siku ile, wala hajausoma mpaka leo. Sawa, tuseme ulikuwepo. Ulikuwa na hizo hedifoni masikioni, na kusikia ndiyo kazi yako. Mzee alisema nini?"

"Alisema... mambo ya mbegu."

"Alisema nini kuhusu Theresia?"

Enock akalamba midomo.

"Kuna kiziwi Kintinku anajua mzee alichosema," Damari akasema. "Wewe mwenye masikio niambie."

Leonidas ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayejilaumu. "Hii programu ina sehemu ya kupakia hotuba, afande. Unaiwekea mwendo, inaachia mstari mmoja mmoja yenyewe. Tunaitumia kwa risala za wageni. Sikufikiria."

"Hata mimi sikufikiria," Damari akasema. Na alisema kweli. Ghala walilipekua, nyumba ya Theresia waliipekua mpaka kwenye vyungu, na tangu Jumatano kila mfuko uliotoka getini ulifunguliwa. Ofisi hii hawakuigusa. Ofisi ilikuwa na shahidi.

Enock hakuwa anamtazama yeye wala Leonidas. Alikuwa anatazama chini ya Damari, kwenye boksi, akaondoa macho haraka, yakarudi tena. Njoo ukae kwenye kiti, afande. Jumatano alisema hivyo. Alhamisi akasema hivyo mara mbili, na Damari, mpumbavu mkubwa, akawaza kijana huyu amelelewa.

Akainuka. Goti likalia. Akaligeuza boksi, akaona skrubu nne za mgongoni, mbili zikiwa hazipo na mbili zimelegea. Alizitoa kwa kucha. Kifuniko kikaanguka. Ndani, palipokuwa spika, kulikuwa na debe, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa cheupe na kamba ya katani, na kwenye kamba kuna kipande cha karatasi chenye tarehe kwa mwandiko wa Theresia. Fundo halijaguswa.

"Siku tatu," Damari akasema. "Siku tatu nimekalia."

Leonidas akavaa miwani, akavua, akavaa.

Enock alieleza yote bila kuulizwa sana, kama mtu anayetua mzigo. Kuna mtu wa kampuni moja ya mbegu huko Dodoma, hakumjua kwa jina, alimwahidi ajira. Ajira ya kudumu, ofisi yenye feni. Hapa alikuwa na miaka sita ya mkataba wa miezi mitatu mitatu. Akapakia hotuba, akachukua ufunguo, akatoka na debe mpaka kwenye uzio, akamkuta Gasto kakaa na redio yake. Akangoja, akaogopa, akarudi nalo. Alipoweka hedifoni masikioni Mzee Andrea alikuwa ameshaondoka. Kwamba alikuja na akaongea, alisikia watu wakisema baadaye.

"Na Theresia?" Damari akauliza.

"Nilijua mtamwachia. Hana kosa lolote."

"Ulijua tutamwachia kwa nini?"

Enock akavua hedifoni shingoni, akaziweka mezani. Damari alitaka kukasirika, akatafuta hasira huku na huku ndani yake, akakuta imeishia kwenye basi. Akamfunga pingu, akamwambia Leonidas awashe gari lake, na debe akalipakata mwenyewe njia nzima.

Walifika kituo cha polisi saa kumi kasoro dakika nane. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshika jalada tayari, amelifunga kamba. Damari akaweka debe juu ya meza yake, akaweka maelezo ya Klara juu ya debe, akaeleza kwa sentensi tano. Mkuu alisoma, akaguna, akafungua kamba ya jalada.

"Mtoe," akasema. "Na wewe nenda kalale."

Hakwenda kulala. Alikwenda mwenyewe mpaka mlango wa lokapu, akasimama pembeni askari wa zamu akifungua. Theresia alitoka peku, kitambaa cha kichwa kimelegea, uso umevimba kwa kulia na kwa mbu. Alitia sahihi daftari la kaunta. Akarudishiwa viatu, mkanda, kitambulisho. Ufunguo aliambiwa unabaki kama kielelezo.

"Mbegu?" akauliza. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, na alimwuliza askari wa kaunta, si Damari.

"Imepatikana," Damari akajibu. "Kamba yako haijafunguliwa."

Theresia akakubali kwa kichwa. Akakaa kwenye benchi, akaanza kuvaa viatu. Hakusema shikamoo. Alikuwa mdogo kwa Damari kwa miaka zaidi ya ishirini, na wote waliokuwepo pale waliona kwamba hakusema.

Damari akasogea mbele yake.

"Marahaba," akasema.

Theresia akainua uso. "Sijakuamkia, afande."

"Uliniamkia Jumatano. Ulikuwa unapanda gari."

Theresia akafunga kiatu cha pili, akainuka, akajifunga kitambaa chake vizuri, akatoka nje.